Yadi Tunazonunua na Yadi Tulizopewa

Asubuhi moja ya Agosti, ukungu ukiwa bado haujaachia vilele vya miti, nilicheza gofu hapa Nairobi na mgeni wangu kutoka Mombasa, mtu mwenye handikapu ya 10 (alama ya uwezo, ambayo ikiwa ndogo mchezaji ni bora) ambaye huko pwani si rahisi kumshinda. Tulipofika kwenye shimo fupi la yadi 150, aliomba namba saba, fimbo ambayo nyumbani kwake humfikisha umbali huo bila jasho. Kedi wake, kijana ambaye amebeba mikoba katika uwanja ule tangu alipomaliza shule, alimnyooshea namba nane, ambayo hupiga karibu zaidi, na kumwambia kwa upole, "Mzee, hapa si pwani. Hii inatosha, tena usiilazimishe." Mgeni wangu akaikataa, akachukua namba saba yake, akapiga vizuri kabisa, na mpira ukapita juu ya bendera, ukavuka grini yote, yaani nyasi fupi inayozunguka shimo, ukaenda kujificha kwenye ua wa michongoma. Pigo lenyewe halikuwa na kosa. Alichosahau ni kimo cha nchi aliyosimama juu yake.

Nimelikumbuka pigo lile mara nyingi, kwa sababu mazungumzo ya gofu katika klabu zetu siku hizi yamekuwa ya kitu kimoja tu, nacho ni yadi: nani anapiga mbali, draiva gani mpya, ile fimbo ya mapigo marefu, imetoka, mpini gani unaongeza yadi kumi, na kanuni mpya ya kuupunguzia mpira umbali itatunyang'anya kiasi gani. Msimamo wangu, ambao najua hautawapendeza wengi ninaocheza nao, ni kwamba mchezaji wa kawaida wa Nairobi amekuwa akinunua kwa pesa nyingi kitu ambacho mwinuko wa mji huu humpa bure, huku akikosa vifaa ambavyo nyasi na udongo wa hapa humdai kila anapotoka nyumbani.

Tuanze na hicho tunachopewa bure. Sehemu kubwa ya Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na pande za Karen na Kabete ziko juu zaidi. Hewa ya kimo hiki ni nyepesi, na mpira unaopita ndani yake haukabwi kama unavyokabwa kwenye viwanja vya pwani vya Nyali au Vipingo. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba kila futi 1,000 za mwinuko humwongezea mchezaji umbali wa asilimia moja na kidogo, kwa hiyo futi zetu 5,500 na ushei zinatupa asilimia sita au zaidi. Pigo la yadi 150 la Mombasa linakaribia yadi 160 hapa, na draiva ya yadi 200 inakuwa ya yadi 212. Sijaona duka linaloweza kuniuzia yadi 12 kwa uhakika wa namna hiyo.

Lakini hewa hiyo hiyo ina sharti lake, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Mpira wa gofu haupai kwa nguvu ya kugongwa peke yake. Vidimbwi vidogo vilivyo kwenye ngozi yake, pamoja na mzunguko wake wa kurudi nyuma, huifanya hewa iubebe kwa namna inavyolibeba bawa la ndege. Hewa ikiwa nyepesi, mbebaji naye huwa dhaifu, na mpira husafiri kwa njia ya chini zaidi kuliko ambavyo ungepita ukiwa usawa wa bahari. Mchezaji mwenye kasi kubwa, kama wale tunaowaona wakati wa Kenya Open, mashindano yetu ya kimataifa ya wataalamu, ana ziada ya kasi ya kuuinua hata hivyo. Mwenye kasi ndogo hana ziada hiyo, na kwa sababu hiyo anahitaji fimbo ambayo uso wake umelala nyuma zaidi, ingawa fahari humsukuma kununua ile iliyosimama wima.

Hilo nililijifunza kwa gharama. Miaka michache iliyopita, wiki moja tu baada ya mashindano hayo, niliingia katika duka moja la vifaa vya gofu hapa mjini, picha za wataalamu zikiwa bado mbele ya macho yangu, nikatoka na draiva ambayo uso wake umelala digrii 9 tu, yenye mpini mgumu ulioandikwa herufi S. Muuzaji hakuniuliza umri wangu, hakuniona nikipiga hata mpira mmoja, wala hakunitajia kwamba fimbo hiyo hiyo ilitengenezwa pia kwa digrii 12. Kwa msimu mzima mpira ulitoka chini, ukapinda kulia na kuishia mitini, nami nikaamini kwamba ni mwili wangu uliozeeka. Siku nilipokubali kupimwa kwa mashine ya rada, ile inayofuata mwendo wa fimbo na wa mpira tangu vinapogusana, nilionyeshwa kwamba kichwa cha fimbo yangu huenda maili 86 kwa saa, wakati wastani wa wataalamu wa Marekani unapita maili 110. Nilikuwa nimevaa kiatu cha mtu mwingine na kuulaumu mguu. Draiva ninayotumia leo ni ya digrii 12, mpini wake ni wa herufi R, unaopinda zaidi, niliinunua ikiwa imetumika kwa bei isiyofika theluthi ya ile ya kwanza, na kuna siku nyingi ambazo humaliza raundi nzima na mpira ule ule nilioanza nao.

Tamaa ya yadi, bila shaka, haikuanzia Nairobi. Mwaka 1898 Mmarekani mmoja wa Ohio, Coburn Haskell, alipata wazo la kuzungusha uzi wa mpira juu ya kiini, na mpira wake ukaenda mbali kuliko ule wa utomvu mgumu wa gutapecha uliokuwa umetawala tangu katikati ya karne ya 19. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa na malalamiko yake kuhusu umbali, na wapinzani wa kanuni mpya hupenda kutukumbusha hilo. Nakubaliana nao kuhusu historia, lakini naona wanaisoma nusu. Mwaka 1980 wastani wa draiva katika PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wataalamu wa Marekani, ulikuwa karibu yadi 257. Zikaja draiva za chuma mahali pa zile za mti, kisha za titani, vichwa vikavimba mpaka kanuni zikaviwekea kikomo cha sentimita 460 za ujazo. Mwishoni mwa mwaka 2000 ukaja Titleist Pro V1, mpira wa kiini kigumu na ngozi laini, ambao kwa muda mfupi uliifukuza mipira ya uzi kutoka mikononi mwa wataalamu. Na leo wastani ule ni yadi 300 hivi. Hakuna uwanja uliojengwa katika miaka ya 1920 au 1930 uliofikiriwa kwa ajili ya mapigo ya namna hiyo.

Wenye kanuni, yaani USGA ya Marekani na R&A ya St Andrews, walijaribu kuziba mwanya mmoja baada ya mwingine: ukubwa wa kichwa, jinsi uso wa draiva unavyofanya kazi kama chemchemi, mifereji ya uso wa weji (fimbo za mapigo mafupi) mwaka 2010, na tangu 2022 kanuni ya hiari inayoruhusu mashindano ya ngazi ya juu kubana urefu wa fimbo hadi inchi 46. Kila mwanya ulipozibwa, wachezaji walipata njia nyingine, kwa kuwa nao walikuwa wakiijenga miili yao na kupima kila pigo la mazoezi kwa rada.

Ndipo zamu ya mpira wenyewe ilipofika. Machi 2023 mashirika hayo yalipendekeza kanuni ambayo ingetumika kwa mashindano ya ngazi ya juu peke yake, na PGA Tour ikasema haiungi mkono. Desemba mwaka huo huo wakatangaza kanuni moja kwa wachezaji wote: mpira utapimwa kwa fimbo inayokwenda maili 125 kwa saa badala ya 120, lakini kikomo cha umbali kitabaki kile kile cha yadi 317, pamoja na yadi 3 za kusamehe tofauti za vipimo. Ratiba waliyoitoa siku hiyo ilikuwa 2028 kwa wataalamu na 2030 kwa sisi wengine. Makadirio yao ni kwamba wapigaji wa mbali kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, wanaume wengine wa ngazi ya juu yadi 9 hadi 11, wanawake wa ngazi hiyo yadi 5 hadi 7, na mchezaji wa klabu chini ya yadi 5.

Jack Nicklaus, bingwa wa zamani wa Marekani, amelipigania jambo hili kwa miongo kadhaa, na Rory McIlroy, mmoja wa nyota wa leo, naye ameliunga mkono hadharani, ingawa yeye ni mmoja wa watakaopoteza yadi nyingi zaidi. Katika klabu zetu, hata hivyo, nimesikia watu wakilizungumzia kana kwamba kuna mtu anakuja kuwapokonya shamba. Nawaomba wafanye hesabu nyepesi. Mchezaji wa Nairobi anayepiga yadi 210 amepewa na mwinuko yadi 12 hivi ambazo mwenzake wa Mombasa mwenye kasi ile ile hana. Mpira mpya ukimwondolea yadi 5, bado atabaki mbele ya yule wa Mombasa anayecheza na mpira wa leo. Kwa maneno mengine, hasara tunayoiogopa ni ndogo kuliko tofauti ambayo ndugu zetu wa pwani wameishi nayo siku zote, na sijawahi kumsikia mtu wa Nyali akisema kwamba gofu yake haina ladha.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito, nalo linauliza kwa nini mchezaji wa Jumamosi aadhibiwe kwa kosa la wataalamu mia chache. Ningelikubali kama tungekuwa tunaishi mbali na wataalamu hao. Lakini kila mwaka Kenya Open huwapa nafasi wachezaji wetu wa ridhaa, vijana ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakicheza mashindano ya kawaida ya klabu. Kanuni ikigawanyika, kijana wa namna hiyo atafanya mazoezi ya mwaka mzima na mpira mmoja, kisha atakapoitwa kucheza na watu wa Ulaya na Afrika Kusini ataambiwa atumie mwingine ambao hajui unavyopaa wala unavyosimama kwenye grini. Wao wana mashine, walimu na mikataba ya kuwapatia mipira ya aina zote mbili kwa wingi, yeye hana. Mpira mmoja kwa wote unamlinda huyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Tena kuna suala la ardhi, ambalo kwa Nairobi si la nadharia. Augusta National, klabu ya Marekani inayoandaa mashindano ya Masters, ilipoona shimo lake la 13 limekuwa jepesi mno, ilipata ardhi nyuma yake na kulirefusha hadi yadi 545 kabla ya Masters ya 2023. Royal Nairobi, klabu iliyoanza mwaka 1906, imepakana na Kibera, itarefushia wapi? Uwanja wa Railway uko karibu na katikati ya jiji, barabara na majengo yakiuzunguka. Viwanja vyetu vimefika mwisho wa mipaka yao, na kila yadi inayoongezwa kwenye draiva inakula maana ya mashimo yaliyochorwa zamani kwa akili nyingi: shimo la mchanga lililowekwa yadi 220 ili kumfikirisha mpigaji sasa linarukwa bila kutazamwa. Hata pale ambapo nafasi ipo, urefu zaidi unataka nyasi zaidi za kukata na maji zaidi ya kumwagilia, katika mji ambao mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu. Nikiambiwa nichague kati ya kuunyoosha uwanja na kuupunguzia mpira kasi, sihitaji kufikiri sana.

Haya yote hayanifanyi kuwa adui wa vifaa vipya. Kuna aina mbili za maendeleo, na ni vizuri tuzitenganishe. Aina moja humwongezea nguvu aliye na nguvu; nyingine humsamehe asiyepiga katikati ya uso wa fimbo. Karsten Solheim, mwanzilishi wa Ping, alipouhamishia uzito wa fimbo pembezoni mwa kichwa, aliwasaidia mamilioni ya watu wasio na kipaji kuendelea kuupenda mchezo, na draiva za leo ambazo kichwa chake hakigeuki ovyo hata ukipiga kando ni watoto wa wazo lile lile. Fimbo za mchanganyiko, zenye kichwa kinene kama cha draiva ndogo na urefu unaokaribia wa fimbo ya chuma, zimewaondolea watu mateso ya namba tatu na nne za zamani. Mtu wa miaka 60 akiniuliza anunue nini, nitamwambia hizo bila kusita. Ninachokipinga ni tangazo linalomwahidi yadi 15, na yeye kuuza fimbo zinazomfaa ili azipate. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na kila mwaka, wageni wa Kenya Open wanapoondoka, naona watu wakifanya hivyo hivyo.

Mfano mzuri wa ahadi hiyo ni namba zilizoandikwa kwenye fimbo za chuma. Namba saba ya miaka ya 1980 ililala digrii 35 au 36. Namba saba nyingi zinazouzwa leo kwa wachezaji wa handikapu kubwa zimelala digrii 28 hadi 30, yaani kiasi cha namba tano ya wakati ule, na mara nyingi mpini wake ni mrefu pia. Mnunuzi huipiga mara moja dukani, akaona imemzidishia yadi 15, akatoa kadi ya benki. Hakuna yadi aliyoipata. Amebadilishiwa namba tu. Na bei ya mabadiliko hayo huja baadaye, upande wa fimbo fupi. Weji ya mwisho ya seti hizo inaweza kuwa digrii 43, na ya mchanga aliyonayo tangu zamani ni digrii 56. Katikati kuna pengo la digrii 13, na ndani ya pengo hilo ndimo yanamokaa mapigo ya yadi 80 hadi 110, ambayo mchezaji wa kawaida hukutana nayo mara nyingi kwenye pigo la pili au la tatu. Ukitaka kununua kitu kimoja mwaka huu, toa fimbo zako zote, soma digrii zake na uone pengo liko wapi, kisha ununue weji ya digrii 49 au 50 ya kulijaza. Itakugharimu sehemu ndogo ya bei ya draiva.

Na tukishataja weji, lazima tuzungumze kuhusu nyasi, jambo ambalo nashangaa jinsi tunavyolipuuza. Nyasi inayotawala viwanja vyetu ni kikuyu, mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki uliobeba jina la watu wa hapa na kusambaa duniani. Riviera ya Los Angeles, ambako gofu ya Olimpiki ya 2028 imepangiwa kuchezwa, ni maarufu kwa nyasi hiyo hiyo. Ni nyasi nene, yenye majani magumu na vikonyo vinavyotambaa na kusukana kama mkeka. Inapokatwa fupi katikati ya uwanja huushikilia mpira juu, na mtu hujiona bingwa. Pembeni mwa grini, inapoachwa irefuke kidogo, hugeuka kuwa kitu kingine kabisa.

Hebu utazame kwa karibu. Mpira umesimama juu ya majani, theluthi yake ikiwa imezama, na chini yake kuna nafasi tupu ya upana wa vidole viwili kabla ya kufika kwenye udongo. Ukishika weji yenye unyayo mwembamba, ile ambayo wataalamu huipenda kwa ardhi ngumu iliyokatwa vizuri, hupenya kwenye nafasi hiyo, hupita chini ya mpira, na mpira huruka hatua mbili na kuanguka pale pale. Ukiogopa hilo na kujaribu kuubingirisha kwa namba nane, vile vikonyo huushika mpira kila unapogusa chini na kuukata mwendo kabla haujafika kwenye grini. Wakati huo huo majani huikamata shingo ya fimbo na kuigeuza uso kuelekea kushoto. Kinachofaa ni weji yenye unyayo mpana, ulioshuka chini ya ukingo wa mbele kwa digrii 10 au 12, ishikwe kwa mkono imara kuliko kawaida, na mpira utue juu ya grini yenyewe. Kisha inakuja Januari, mvua za vuli zimekwisha, udongo mwekundu umekauka kama tofali, na unyayo huo mpana unadunda juu ya ardhi na kuugonga mpira tumboni. Kwa hiyo mchezaji wa Nairobi ana haki ya kumiliki weji mbili za mchanga, moja ya miezi ya mvua na nyingine ya kiangazi, na kuibadilisha moja kwa nyingine mkobani. Hilo ndilo ningeliita chaguo la vifaa linalotokana na mahali.

Kuhusu mpira nitakuwa mfupi. Mpira wa daraja la juu, wenye ngozi laini ya uretani, huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 50 kwa dazeni, kabla ya usafirishaji na ushuru wa kuufikisha hapa, na thamani yake iko kwenye mzunguko unaoupata kwa weji, mzunguko ambao nyasi ya kikuyu ikiingia kati ya uso na mpira huupunguza kwa kiasi kikubwa. Mwenye handikapu ya chini ataona faida yake. Mwenye 20 anayepoteza mipira minne kwa raundi atapata faida zaidi kwa mpira wa vipande viwili, au kwa ile iliyotolewa kwenye mabwawa, ikasafishwa na kuuzwa na vijana wa nje ya uwanja, mradi achague ya aina moja na kuizoea, ili mkono wake ujue jinsi inavyotoka.

Limebaki suala la idadi. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na sisi tumeigeuza ruhusa hiyo kuwa wajibu. Mzazi anayetaka kumwanzisha mtoto hudhani lazima anunue seti kamili, akiona bei yake huahirisha, na mtoto hukua akicheza kitu kingine. Lakini watu wanaocheza vizuri zaidi kwa kila shilingi iliyotumika hapa mjini ni kedi wetu. Njoo Jumatatu asubuhi, siku ambayo katika klabu yetu wao ndio wenye uwanja, uwaone wakitoka na fimbo tano au sita zisizofanana, moja ina kishikio kilichofungwa kwa utepe, nyingine imekatwa mpini. Fimbo moja hupigwa kwa nguvu tatu tofauti: nzima, robo tatu, nusu. Wachezaji wengi wa kulipwa waliotuletea heshima walianzia kwenye shule hiyo, na hakuna seti ya fimbo 14 inayoweza kumfundisha mtu kile ambacho uhaba wa fimbo uliwafundisha.

Ningependa kila klabu ya Nairobi iwe na shindano moja kila mwezi la fimbo saba tu, wanaume wakipigia tii (mahali pa kuanzia shimo) za mbele kuliko walivyozoea. Kuna kipimo kinachotumika sana cha kuchagua tii: chukua umbali halisi wa namba tano yako, uzidishe kwa 36, upate urefu wa uwanja unaokufaa. Anayepiga namba tano yadi 155 anastahili uwanja wa yadi 5,600 hivi, na wengi wetu wa kiasi hicho hujilazimisha kucheza yadi 6,500 na kutumia saa tano. Na zile fimbo saba zitakazobaki nyumbani, ambazo nyingi hazijaguswa kwa miaka, zingepata kazi mikononi mwa vijana na kedi wanaozihitaji.

Mimi nimeanza na ile draiva ya digrii 9. Niliikuta stoo nyuma ya masanduku, nikaipangusa vumbi na kumpelekea yule kedi aliyemwambia mgeni wangu kwamba hapa si pwani. Ana miaka 23, mgongo laini na kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo hata nilipokuwa na umri wake. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kumtazama akiipiga kwenye shimo la kwanza. Mpira ulitoka chini, ukainuka taratibu bila kupinda, ukavuka miti ambayo msimu mzima ilikuwa ikinimezea mipira, na aliponigeukia alisema tu, "Mzee, hii ilikuwa inangoja mtu wake," kisha akachukua fimbo zake sita na kuanza kutembea.